Hadithi za kusikiliza na watoto safarini: jinsi tunavyoziandaa kutoka Dar mpaka Mwika

Kila mwezi wa 12 mimi na familia tunatoka Dar kwenda Mwika, kule Kilimanjaro, kwa bibi yao watoto, na kama umeshawahi kuipiga hiyo barabara ukiwa na watoto watatu nyuma basi shughuli yake unaijua. Ni masaa tisa, kumi ukibahatika vibaya. Mwaka wa kwanza tuliwapa tableti, katuni mwanzo mwisho, kufika Kabuku yule wa kati ameshatapikia begi la mama yake, maana macho kayagandisha kwenye skrini huku gari linayumba, kichwa lazima kizunguke. Mwaka uliofuata nikajifanya mjanja, nikadanlodi kitabu cha sauti cha Kiingereza cha masaa saba, msomaji ana sauti nzito ya kuvutia, nikasema leo nimemaliza kazi. Walisikiliza dakika kumi na mbili, saa ya dashibodi ninaiona. Baada ya hapo ni nani kanisukuma, nani kakaa kwenye siti yangu, nataka maji, nimebanwa.

Tatizo halikuwa watoto na wala halikuwa kusikiliza. Nilichukua kitu cha mtu kusikiliza peke yake kitandani nikakitupia ndani ya Noah yenye watu watano, madirisha yako wazi na lori la mbele linapiga honi. Hadithi ya garini inabidi itengenezwe kwa ajili ya gari. Kwa hiyo naandika hapa tunavyofanya siku hizi, tunaanza kama wiki mbili kabla ya safari, wewe njia yako inaweza ikawa ya Mbeya au Mwanza au Nairobi kwenda Mombasa, badilisha majina ya vituo tu.

Anza na redio ya gari, hadithi baadaye

Watu wengi wanakusanya hadithi kwanza halafu asubuhi ya safari ndo wanagundua redio haisomi chochote. Shuka kwenye gari leo ukajaribu. Gari zetu nyingi zimetoka Japani na redio zake, maandishi yenyewe ya Kijapani huelewi kitu, na FM yake inaanzia 76 inaishia 90 wakati stesheni za huku zinaanzia 87.5 mpaka 108. Hii ni muhimu kama unatumia kile kidude cha kuchomeka pale pa kuwashia sigara kinachorusha sauti ya simu kwenye redio. Usikiseti kwenye 98 au 104 halafu ukashangaa mbona kimya, redio yako haifiki huko. Weka kati ya 88 na 89.9, tafuta sehemu isiyo na stesheni, ukisikia mkwaruzo mtupu bila mtu anayeongea hapo ndo pazuri. Na jua kwamba namba iliyokuwa wazi Dar inaweza ikakuta stesheni ya watu ukifika Korogwe, katikati ya hadithi anaingia mtangazaji na matangazo ya mbolea, kwa hiyo andika namba mbili tatu za akiba kwenye karatasi mkae nayo mbele.

Kama redio ina tundu la flashi tumia flashi, achana na vingine vyote. Flashi haipigiwi simu, haiishiwi chaji wala bando. Iformati FAT32, hiyo ndo redio nyingi za bei rahisi zinaielewa, na mafaili yawe MP3. Hapa kuna mtego ulioniliza mimi: voisi za WhatsApp sio MP3. Nilimwomba bibi anitumie hadithi kwa voisi, nikazihamishia zote kwenye flashi kwa raha zangu, redio ikaniambia hakuna faili. Lazima uzigeuze kwanza, apu za kugeuza sauti kuwa MP3 ziko nyingi tu na za bure. Kwa sauti ya mtu anayeongea huhitaji ubora mkubwa, 64 kbps inatosha kabisa, saa moja ya hadithi inakula kama MB 29, yaani hata flashi ya GB 4 ya mtaani utabaki na nafasi ya kuweka miziki ya mama watoto.

Bluetooth nayo inafaa ila hakikisha mafaili yako ndani ya simu yenyewe, usitegemee kusikiliza mtandaoni, kuna vipande vya njia mtandao unaenda na kurudi unavyotaka wenyewe. Na kama redio imekufa kabisa, spika ndogo ya Bluetooth ikae kwenye siti ya nyuma, sio kwenye dashibodi. Ukiiweka mbele unalazimika kufungua sauti kubwa ili wa nyuma wasikie, na wewe dereva masikio yanakuuma.

Halafu seti sauti. Redio nyingi za vijana zimeshapandishwa besi mpaka mwisho kwa ajili ya amapiano, hadithi ikipita hapo inakuwa ni mngurumo, husikii maneno. Shusha besi, pandisha trebo kidogo, peleka sauti kwenye spika za nyuma. Ujaribu gari likiwa linatembea, tena kwenye lami na kasi ya kawaida, maana ukijaribu limepaki unadanganyika.

Hadithi zenyewe utazipata wapi

Kwa Kiingereza hakuna shida, kuna LibriVox ambako watu wanajitolea kusoma vitabu ambavyo hakimiliki yake imeisha, unapakua bure. Kama watoto wako shule ya Kiingereza na wameshakua kidogo watakwenda nayo, japo lugha ya vile vitabu ni ya zamani na wasomaji wanatofautiana, sikiliza dakika tano mwenyewe kwanza.

Kwa Kiswahili vitabu vya kusikiliza vya watoto bado ni vichache, tusidanganyane. Vilivyopo vizuri ni hadithi fupi fupi. Tovuti ya Storybooks Kenya ina hadithi 40 zenye maandishi na sauti, Kiswahili kimo. Mama yake ni African Storybook, huko hadithi ni nyingi zaidi, nyingi maandishi tu bila sauti, lakini leseni yake inakuruhusu kuzitumia bila kuomba ruhusa, kwa hiyo unachukua unasoma mwenyewe unarekodi. Kitabu cha dukani ukikisomea wanao ni sawa, ila hiyo rekodi usiirushe kwenye magrupu, mwandishi naye ana watoto.

Lakini nikwambie ukweli, katika vyote hivyo hakuna kinachoishinda sauti ya mtu wanayemjua. Wangu wanaweza kusikiliza ile ya sungura na fisi ya bibi yao mara nne safari moja, na ya msomaji mwenye studio nzuri wakaichoka mara ya kwanza. Kwa hiyo nguvu nyingi zipeleke kwenye kurekodi.

Kumrekodi bibi (au mjomba, au dada wa kazi mwenye maneno)

Kosa la kwanza ni kumwekea mzee simu mbele ya uso ukamwambia "haya mama, hadithia". Atakaa kama anapigwa picha ya kitambulisho. Ataanza kuongea Kiswahili cha taarifa ya habari, hadithi ya dakika kumi na tano itaisha kwa dakika tatu. Mpe mtoto wa kumhadithia. Mtoto yeyote wa hapo nyumbani akae mkekani mbele yake, simu iweke pembeni imefunikwa na ncha ya kanga, kama shubiri moja na nusu kutoka mdomoni, basi atasahau. Kama bibi yuko mbali usimrekodi kwa kumpigia, sauti ya simu inakuja nyembamba na inakatika, mwombe binamu aliye huko afanye hiyo kazi akutumie faili.

Simu iweke kwenye hali ya ndege. Sisi tulipoteza hadithi nzima ya jitu la mlimani kwa sababu mtu alipiga kuuliza bei ya ndizi. Zima feni, toka jikoni maana friji linanguruma na wewe umeshalizoea hulisikii ila rekodi inalisikia, chumba chenye kitanda na nguo nyingi kinameza mwangwi, sebule yenye vigae ni mbaya. Jogoo usihangaike naye. Jogoo wa bibi kwenye rekodi watoto wanamfurahia kuliko hadithi.

Sasa kitu ambacho ndo siri ya yote: achia nafasi. Mwambie msimuliaji akisema "Paukwa!" anyamaze, ahesabu moja mpaka tatu kimoyomoyo, ndo aendelee. Yule mtoto wa mkekani naye asijibu. Ile nafasi tupu ni ya wanao garini, wao ndo wataitikia "Pakawa!" na utaona gari zima limeamka. Hivyo hivyo kwenye "Hadithi hadithi", aache muda wa "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea". Na kila kwenye wimbo wa hadithi, maana hadithi za bibi zina kawimbo kanakojirudia, aimbe mstari wake aache mstari wa kuitikia. Kitabu cha kununua hakina hizi nafasi, msomaji anakimbia nayo tu na mtoto anabaki abiria. Kama rekodi yako tayari haina nafasi, apu yoyote ya kukata sauti itakuwezesha kuchomeka sekunde tatu za ukimya, kazi ya dakika mbili.

Akichanganya Kichagga au lugha yoyote ya nyumbani mwache. Watoto watauliza "baba, hapo kasema nini", hiyo ni dakika tano nyingine za maongezi umezipata bure.

Kata, panga, yape majina

Usiache faili la saa nzima. Mtoto akibanwa katikati, au mkisimamishwa na trafiki, redio ikizimwa nyingi zinarudi mwanzo wa faili, na hakuna kitu kinachoudhi kama kusikiliza tena utangulizi wa dakika ishirini. Vipande vya dakika tano mpaka nane kwa wa miaka mitatu hadi mitano, kumi hadi kumi na tano kwa wa sita hadi tisa, mkubwa wangu wa kumi na moja anavumilia hata nusu saa kama kuna mtu anatafutwa na haonekani. Tukiwa wote garini tunafuata mdogo. Mkubwa ana zamu yake mdogo akilala.

Majina ya mafaili yaanze na namba, 01, 02, 03, hiyo sifuri usiiache maana kuna redio zitapiga 1 halafu 10 halafu ndo 2. Na ukikopi kwenye flashi kopi moja moja kwa mpangilio, redio nyingine zinafuata lililoingia kwanza na wala hazisomi jina. Kati ya hadithi na hadithi naweka wimbo mmoja. Siweki hadithi mbili zimefuatana, kichwa cha mtoto kinahitaji kupumua, na cha baba yake pia.

Sikiliza zote kabla. Kuna ile ya zimwi lililokula kijiji kizima, wa kati anaipenda kufa, kitinda mimba aliisikia mara moja tu karibu na daraja la Wami giza halijatoka vizuri na hakutaka tena kushuka kukojoa porini mpaka Segera. Zimwi likae saa sita mchana.

Ukishaingia barabarani

Sisi tunatoka Tegeta saa kumi alfajiri, tunapitia Bagamoyo tunatokea Msata kukwepa foleni ya Chalinze. Masaa haya hakuna hadithi. Wamelala, waache walale, usiwe na haraka ya kuonyesha ulichoandaa. Jua linatoka, wanaamka mmoja mmoja, wanataka chai na kitumbua na kugombana kidogo, hiyo ni haki yao. Hadithi ya kwanza inaingia baada ya Segera, tumbo limeshiba na choo wameshaenda.

Kuanzia Korogwe mpaka Mombo ndo sehemu yetu bora. Mashamba ya mkonge mistari mistari, milima ya Usambara upande wa kulia, kuna kitu cha kutazama ila sio kingi sana cha kuwatoa kwenye hadithi. Hapo naweka ndefu kuliko zote. Pengine kwako ni sehemu nyingine, angalia wapi njia imetulia. Palipo na mji, sokoni, watu wanauza machungwa dirishani, zima, hakuna hadithi inayoshindana na mtu mwenye ndoo ya machungwa. Baada ya Mombo, kuelekea Hedaru na Makanya, joto linapanda, watoto wanalainika kama mishumaa, wanalala. Ndo zamu ya mkubwa, sauti chini. Same tunakula. Kutoka Same hawataki tena kusikiliza mtu akiongea, wameshajaa, hapo tunahamia vitendawili.

Vitendawili nao tumevirekodi, kila mtu wa nyumbani vitatu vitatu, shangazi, baba mkubwa, jirani. Sauti inasema "Kitendawili!", gari linajibu "Tega!", inatega, kisha sekunde kumi za kimya. Mwaka juzi tulikosea tukaweka asubuhi kile cha "kila niendapo ananifuata", kumbe ikawa bahati, jua liko chini upande wa kulia na kivuli cha Noah kinakimbia kwenye majani kushoto kwetu, kinaruka mitaro, kinapanda kwenye kuta za nyumba za watu, kitinda mimba akakinyooshea kidole kabla hata kaka zake hawajafikiri. Sasa kila mwaka kinawekwa muda huohuo.

Mkishindwa, msimuliaji anadai mji si ndio, "nipe mji". Nyumbani watoto wanatoa mji wowote, London, Dubai. Garini sheria yetu ni mji tuliopita leo na haujatajwa. Kwa hiyo wanaanza kusoma vibao. Mdogo hajui kusoma vizuri lakini Hedaru anaijua kwa sababu alishawahi kuitoa na ikakubaliwa.

Dereva na hadithi

Dereva hagusi redio wala simu, hii haina mjadala. Aliyekaa mbele kushoto ndo DJ, anaruka, anarudisha, anapunguza. Kukiwa na ovateki ya lori, mvua, au polisi mbele, neno letu ni "nukta", ukisikia nukta DJ anasimamisha na nyuma kila mtu anafunga mdomo mpaka niseme "haya". Tulifanya mazoezi ya neno hilo mtaani kabla.

Na dereva ujichunge mwenyewe. Mimi niliwahi kulipa elfu thelathini kwa ajili ya fisi. Fisi yuko ndani ya kisima, sungura yuko juu anamwambia hiyo ni jibini iliyomo humo chini, hadithi naijua tangu nikiwa darasa la pili, lakini bibi anavyoivuta nikajikuta natabasamu kwenye kioo na kibao cha 50 nimekipita nikiwa 71. Trafiki akaja dirishani, redio bado inaendelea, akasikiliza kidogo, akauliza alitokaje. Nikamwambia hakutoka. Akaandika faini. Tangu hapo hadithi zenye mshikemshike hatuzipigi kwenye vijiji, tunazisubirishia sehemu tupu.

Ikikataa

Kuna siku haitakubali. Mtoto ana homa, amechoka, mmechelewa kutoka na jua limeshawaka. Ukiona dakika tano za kwanza kuna wawili wanaongea, zima, jaribu tena baada ya nusu saa, usiwagombeze "nimehangaika kurekodi nyie hamsikilizi", ukishaifanya hadithi kuwa adhabu umeiharibu ya safari nzima. Iliyokatika katikati hairudiwi mpaka waiombe wenyewe. Kukiwa na anayetaka hadithi na anayetaka kulala, anayelala anashinda, mwingine apewe hedifoni upande mmoja wa sikio na sauti ndogo, kipimo changu ni kwamba mimi niliyekaa mbele nisisikie kitu na yeye anisikie nikimwita.

Flashi beba mbili zenye vitu vilevile. Moja itasahaulika nyumbani au itakanyagwa.

Ya mwisho msiimalize

Kuanzia Mwanga kwenda Njia Panda ya Himo kila mtu amechoka na anauliza bado sana. Hapo tunaweka hadithi moja mpya ya bibi ambayo hawajawahi kuisikia, na faili nimelikata makusudi kabla ya mwisho. Msichana kapanda juu ya mti, jitu liko chini linanoa shoka, kimya. Nyuma kelele, "baba weka, baba weka", nawaambia mwenye mwisho wake yuko Mwika. Basi zile kilomita za mwisho zinaliwa na ubishi wa itaishaje, na gari likisimama tu pale kwenye migomba hawasalimii vizuri, shikamoo bibi halafu jitu lilimfanya nini.

Ila mpigie bibi siku moja kabla umkumbushe ni hadithi ipi na umeikata wapi. Mwaka jana sikumwambia, akawapa mwisho wa hadithi nyingine kabisa, mti ukageuka mto, msichana akawa na kaka ambaye hatujawahi kumsikia, na mkubwa akaenda kuitoa flashi kwenye gari aje amwonyeshe bibi kwamba kakosea. Bibi akasikiliza sauti yake mwenyewe mpaka ilipokatika, akasema huyo anayeongea humo ndani hakuijua vizuri.